Fungua Boneti Ukiwa Nyumbani

Gari halizimi mbele ya gereji. Kama umeendesha katika nchi hii ya Waso, huku Isiolo, miaka mitatu na bado hujalijua hilo, una bahati, na bahati haiuzwi katika duka la spea. Gari huzima pale ambapo simu haishiki mtandao, jua limeanza kuegemea, na kiumbe pekee anayekutazama ni digidigi aliyesimama chini ya mgunga.

Langu lilizima kati ya Garbatulla na Kulamawe, nikiwa na mitungi ya maziwa ya ngamia iliyotakiwa Isiolo kabla ya usiku. Lilianza kwa kukohoa kwenye mwinuko mdogo, likapata nguvu, likakohoa tena, kisha likanyamaza. Nikafungua boneti. Nikaitazama ile injini jinsi mtu wa mjini anavyomtazama ng'ombe wa wenyewe: ana miguu minne, ana pembe, basi. Nikapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Nikafunga boneti, nikaketi kwenye kivuli cha gari, na kivuli kikawa kinarefuka.

Lori la mifugo lilikuja kutoka upande wa Modogashe. Dereva wake, mzee mwenye ndevu za hina, alishuka na hakuniuliza natoka wapi wala mimi ni mtoto wa nani, jambo ambalo kwetu si la kawaida hata kidogo. Aliuliza moja tu.

"Kijana wangu, filta ya dizeli ulibadilisha lini?"

"Haji, sijui. Gari huwa nampelekea fundi."

"Na fundi yuko hapa?"

Sikuwa na jibu. Akachukua chupa ya plastiki, akaikata katikati kwa kisu, akaiweka chini ya filta na kulegeza kikoki kidogo kilichokuwa hapo chini. Yalitoka maji. Maji yenye rangi ya turungi, karibu kikombe kizima, na nyuma yake ndipo dizeli ikafuata. Akafunga kikoki, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu chini ya kidole gumba chake. "Washa." Nikawasha, likawaka. Ilimchukua dakika kumi kutatua jambo lililonikalisha jangwani mchana kutwa. Mitungi miwili ilifika Isiolo ikiwa susa. Susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha, ni kinywaji kizuri, sikatai, lakini mnunuzi alikuwa ameagiza maziwa mabichi.

Pesa alizikataa. Alikunywa maziwa kikombe kimoja, akapangusa midomo, akaniambia: "Hapa nimekuvusha tu. Hiyo filta imekufa. Kesho ibadilishe, na ubadilishe wewe."

Naandika makala haya kwa ajili ya neno hilo la mwisho.

Wewe mwenye pikapu ya kubebea mbuzi, wewe unayepeleka maziwa, wewe uliyenunua Land Cruiser kuukuu kwa kuuza ngamia watano na sasa unaiogopa kuliko ulivyowaogopa ngamia wenyewe: filta ya mafuta ni kazi yako. Si kazi ya fundi wa Isiolo. Kutoka Garbatulla hadi Isiolo ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Isiolo hadi Nairobi kuna nyingine karibu 280. Kila fundi unayemtegemea kwa jambo dogo, umbali huo wote umesimama kati yako na yeye.

Tena hapa petu filta hufanya kazi mara mbili ya ile ya gari la Nairobi. Vumbi unalijua. Kuna na mafuta yanayosafirishwa kwa mapipa na kuuzwa kwa jerikeni, yakamiminwa kwa mpira uliokuwa umelala mchangani. Kuna na tangi lenyewe: mchana linachomwa na jua, usiku linapoa, na hewa iliyo ndani ya tangi lililojaa nusu huacha matone kwenye kuta zake, matone yakateremka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini kabisa, pale pale mafuta yanapovutwa kwenda kwenye injini. Ukiongeza na wale wanaochanganya dizeli na mafuta taa, mchezo ambao ulifanya serikali iongeze tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018, utaelewa kwamba filta yako haiendi kazini, inaenda vitani.

Na inalinda nini? Ndani ya pampu ya dizeli na ndani ya nozeli kuna vyuma vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, na nafasi kati yao ni maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wako una unene wa maikroni 70 hivi. Punje ya vumbi usiyoweza kuiona kwa jicho inatosha kuchubua chuma hicho. Maji hukitia kutu, na hukinyima ule ulaini wa dizeli ambao ndio mafuta yake ya kujipaka. Rudolf Diesel alipofaulu kuiendesha injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliuachia ulimwengu mashine yenye nguvu na stahamala ya ajabu. Itakubali joto, itakubali mzigo, itakubali barabara mbovu. Mafuta machafu haitakubali.

Mama zetu wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Nenda alfajiri mahali maziwa ya ngamia yanapokusanywa. Mtungi umefukizwa moshi, na maziwa hayaingii mtungini kabla ya kupita kwenye kitambaa safi. Unywele mmoja, punje moja ya mchanga, na maziwa yanaweza kukataliwa Isiolo. Sasa mama huyo akishamaliza kuchuja, anampa mzigo wake dereva ambaye hajaangalia filta yake tangu mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023. Nani kati yao ni mzembe? Nilikuwa mimi.

Utaniambia: mimi si fundi. Sawa. Na kisimani je, ulisomea? Watu wetu hushuka ndani ya kisima kirefu, wakasimama mmoja juu ya mwingine, ndoo ikapanda kwa mikono na kwa wimbo mpaka maji yakafika kwenye birika. Kabla ya hapo tope hutolewa, kwa sababu kisima kisichosafishwa hufa. Hakuna aliyewahi kupiga simu Nairobi aletewe mtaalamu wa tope. Wewe unayejua ngamia anaumwa kwa kuangalia tu jinsi anavyotafuna, unayejua nyayo za fahali wako kati ya nyayo mia mbili, unashindwaje na mkebe wa bati unaofunguliwa kwa kuzungushwa?

Basi tufungue.

Nazungumzia dizeli, zile Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, na Hilux za zamani, kwa sababu ndizo zimejaa huku. Chagua asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Egesha mahali tambarare, pasipo na upepo wa vumbi, na mbali na jiko; sigara iache ndani ya nyumba. Vitu unavyohitaji unavyo tayari: filta mpya, spana namba 10 ya kutoa waya hasi wa betri, chupa iliyokatwa, vitambaa viwili safi, na mkanda wa suruali. Ndiyo, mkanda. Kama huna kifaa cha kufungulia filta, uzungushie mkanda wa ngozi, uukaze, uvute kinyume cha saa. Wapo wanaoipiga filta kwa bisibisi ikatoboka, kisha wakaizungusha kwa hiyo bisibisi. Hufunguka, na dizeli hukumwagikia mpaka viatuni. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na mke wangu bado ananikumbusha lile shati.

Kabla ya kufungua chochote, safisha. Hapa wengi hufanya haraka na hapa ndipo wanapokosea. Futa vumbi lote juu ya filta na pembeni yake, kwa sababu ukishaifungua, kila punje inayodondoka ndani iko ng'ambo ya mlinzi, na hakuna tena wa kuizuia. Chomoa waya wa kipima maji ulio chini. Legeza kikoki, mimina mafuta kwenye chupa, uyatazame. Hayo ndiyo matokeo ya mtihani wako. Acha chupa itulie: maji yatajitenga chini, dizeli juu, na utaona kwa macho yako ulichokuwa ukilisha injini.

Ondoa filta ya zamani ikiwa wima. Sasa tazama kule juu ilikokaa: je, mpira wake wa duara umeshuka nao? Ukibaki umeng'ang'ania juu, na wewe ukafunga filta mpya yenye mpira wake, utakuwa na mipira miwili, na mipira miwili haizibi. Itavuta hewa, gari litakataa kuwaka, utaapa kwamba filta uliyouziwa ni mbovu. Toa mpira wa zamani, pangusa, hamishia kipima maji kwenye filta mpya pamoja na kimpira chake kipya. Upake mpira mkubwa dizeli safi kwa kidole. Funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono huo huo. Acha spana. Filta inashikwa na mpira wake, si na hasira zako.

Hatua ifuatayo ndiyo inayowatisha watu, nayo ni ndogo kuliko zote. Ndani ya filta mpya kuna hewa, na injini ya dizeli haichomi hewa tupu. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu. Mwanzoni ni laini, kama kubonyeza sifongo. Endelea, hesabu ukitaka, mara thelathini, arobaini, mpaka ikusukume nyuma na kukataa kushuka. Hapo mafuta yamefika. Rudisha waya wa betri, piga stata. Likitetemeka kidogo na kukohoa mara moja mbili, usiogope, linatoa pumzi ya mwisho ya hewa. Lisipowaka ndani ya sekunde kumi na tano hivi, acha stata ipoe, rudi kwenye pampu. Likiwaka, liache lingurume huku wewe ukitafuta unyevu kuzunguka filta. Pakavu? Umemaliza. Yale machafu yaliyomo chupani usiyamwage kwenye laga, mto wetu mkavu. Laga hiyo hiyo ndiyo itakayochimbwa kisima kiangazi kikifika.

Magari ya petroli sitayasemea mengi. Mengi ya kisasa, Probox ikiwemo, yamefichiwa filta ndani ya tangi pamoja na pampu, na mvuke wa petroli hauhitaji kosa la pili. Mpe fundi. Vilevile dizeli mpya za mabomba ya shinikizo kubwa: filta unaweza kubadilisha kwa kufuata kitabu cha gari, lakini mabomba magumu yaendayo kwenye nozeli usiyafungue, na usipitishe mkono wako kutafuta yanapovuja injini ikiwa hai. Mafuta yale hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kujua pa kuishia nako ni ufundi.

Nasikia pingamizi jingine: tukijifunza wote, fundi atakula nini? Muulize fundi mwenyewe. Fundi mzuri anachoka na magari yanayoletwa yakiwa yamevutwa kwa kamba, pampu imekwisha, mwenyewe analia bei. Angependa umletee kazi inayostahili mikono yake. Na ukiingia gereji ukijua filta iko wapi, mazungumzo yanabadilika. Hutaambiwa tena "ni pampu" wakati ni maji. Siku ile nilipomwambia fundi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, kwamba filta nimeibadilisha mwenyewe juzi na tarehe nimeiandika juu yake, bei ya kwanza aliyokuwa ameitaja alianza kuikumbuka upya.

Kama bado unaona kushika spana kunamshusha dereva hadhi, mkumbuke Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akaanza kazi akiwa fundi wa magari, mikono yake ikiwa na grisi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo iliyokuwa imeshatumika, wakawashinda wote. Akashinda tena 1974 na 1976. Wapinzani wake walikuwa na kasi. Yeye alikuwa na kasi na masikio ya fundi: alijua gari linasema nini kabla halijanyamaza. Kati ya Garbatulla na Sericho hakuna kombe la kushindania, lakini matope ni yale yale.

Na dada zangu, ninyi mnaobeba biashara ya maziwa mgongoni, msisubiri kuambiwa kwamba hili linawahusu. Mzigo ni wenu, hasara ni yenu. Mfundisheni dereva, au mkae kwenye usukani wenyewe. Robo tatu ya mzunguko kwa mkono haihitaji misuli ya mwanamume. Binti wa miaka kumi na minne ataiweza akionyeshwa mara moja, na pengine atasafisha vizuri kuliko kaka yake.

Kuhusu kununua: nenda duka unalolijua, ubebe filta ya zamani mkononi au namba yake. Bandia zimejaa sokoni hata baada ya Kenya kutunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Tazama mpira, uwe laini na mnene. Tazama nyuzi za kufungia, zisiwe na makovu. Chungulia karatasi ya ndani, mikunjo yake iwe imelingana. Ikiwa bei ni nusu ya maduka mengine yote, unauziwa mkebe. Na nunua mbili. Moja ya leo, nyingine iviringishe kwenye nailoni, uiweke nyuma ya kiti.

Hiyo ya pili ndiyo nitakayokushikia fimbo. Wazee wa dedha, wasimamizi wa malisho yetu, huyagawanya: ya mvua, ya kiangazi, na yale ya ukame ambayo hayaguswi hata kama nyasi zake zinamtamanisha mwenye ng'ombe. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, ulituonyesha nini hubaki kwa asiye na akiba. Filta ya nyuma ya kiti ni malisho yako ya ukame. Jirani akiiomba, mpe, kisha ununue nyingine wiki hiyo hiyo.

Lami nayo inakuja. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2020 fedha za kujenga sehemu za barabara ya Isiolo hadi Mandera, na siku moja safari zetu zitakuwa fupi. Nitafurahi kama mtu mwingine yeyote. Lakini lami haichuji dizeli.

Kwa hiyo Jumamosi hii, baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, fungua boneti. Usisubiri gari likohoe. Mwite mwanao asimame karibu, mpe kazi ya kushika chupa, aone maji yanavyojitenga. Utachukua saa moja mara ya kwanza, utachafuka, utakunywa chai ukiwa unanuka dizeli. Mara ya pili ni dakika ishirini. Kitabu cha gari kikitaja kilomita za kubadilisha, kumbuka aliyekiandika hakupita Kinna mwezi wa Februari. Mimi hubadilisha kila kilomita 10,000, na maji nayamwaga kila mwezi. Ukimaliza, chukua kalamu ya wino mzito, andika juu ya filta tarehe na kilomita.

Kisha siku moja utamkuta mtu kando ya barabara, boneti iko wazi, ameketi kwenye kivuli cha gari lake. Simama. Usimuulize anatoka wapi. Muulize filta aliibadilisha lini.